Kazi ya Shirley Collins Ni Kubwa Kuliko Ukimya Wake

Karibu kila anayeandika juu ya Shirley Collins huanzia mwaka 1978. Mwaka huo mwimbaji huyu wa nyimbo za jadi za Uingereza alikuwa akiimba katika tamthilia kwenye jumba la National Theatre, London, na mumewe, Ashley Hutchings, alikuwa miongoni mwa wapigaji wa muziki wake. Ndoa ilikuwa imeshapasuka. Hutchings alikuwa amempenda mwigizaji mmoja, na Shirley ameeleza mwenyewe jinsi mwanamke yule alivyokuwa akija kusimama mbele yake amevaa sweta za Ashley. Ikafika siku Shirley akafungua kinywa, sauti ikagoma. Usiku mmoja ilitoka, uliofuata ikakwama kooni. Madaktari huiita hali hiyo disfonia. Akajikongoja nayo miaka michache, kisha akaacha kabisa kuimba mbele za watu, na ukimya ule ukadumu zaidi ya miaka 30.

Hadithi hiyo ni ya kweli, na inauma. Ninachopinga ni jinsi ilivyomeza maisha yake yote. Ukiisoma mara nyingi unabaki na mwanamke wa kutendwa: Alan Lomax, Mmarekani mkusanyaji wa nyimbo, alimpeleka Marekani, Hutchings akamwacha, vijana wa kiume wakaja kumrudisha jukwaani uzeeni. Hebu sikiliza rekodi zake kwa mpangilio wa miaka, uone kama mwanamke huyo yumo. Mimi simwoni. Ninayemsikia ni mtu aliyejua anachokitaka tangu akiwa na miaka 20 na ushei, aliyechagua kila wimbo akijua ulikotoka, na aliyeufikiria uimbaji wa jadi kwa kina kuliko wengi walioitwa wataalamu wake.

Alizaliwa Julai 5, 1935, Hastings, mji wa pwani ya kusini mashariki ya Uingereza, katika jimbo la Sussex. Kwao walikuwa watu wa kazi na wa siasa za mrengo wa kushoto. Vita vya Pili vya Dunia vilipopamba moto na ndege za Wajerumani zikipita juu ya pwani ile, babu na bibi waliwaimbia yeye na dada yake Dolly ndani ya kibanda cha kujikinga na mabomu. Hapo ndipo aliposikia kwa mara ya kwanza baadhi ya nyimbo ambazo baadaye zilimpatia jina. Ziliimbwa ili watoto wasiogope. Hakuna aliyekuwa akizitolea maelezo wala kuzipigia kinanda.

Uzito wa jambo hili hauonekani mpaka uijue historia ya nyimbo zenyewe. Mwaka 1903, katika kijiji cha Hambridge, jimbo la Somerset, mwalimu wa muziki Cecil Sharp alimsikia mtunza bustani aitwaye John England akiimba, akaandika mahadhi yake. Hakukomea hapo. Hadi anafariki alikuwa amekusanya karibu nyimbo 5,000, na wasomi wenzake walikuwa wakifanya hivyo hivyo kwingineko. Waliokoa hazina, nani atabisha? Lakini nyimbo za vibarua wa mashambani, mabaharia na watumishi wa ndani ziliingia vitabuni zikiwa zimepunguzwa ukali, zikawekewa piano, kisha zikapelekwa shuleni. Wajukuu wa wale vibarua wakafundishwa nyimbo za babu zao na mwalimu aliyezisoma kwenye karatasi. Shirley alipohamia London mwanzoni mwa miaka ya 1950 na kuanza kushinda maktabani Cecil Sharp House, makao ya chama cha nyimbo na ngoma za jadi, alikuwa na kitu ambacho wenzake wengi pale hawakuwa nacho: alizijua nyimbo kwa masikio ya nyumbani na kwa macho ya kitabu. Akiona ubeti umeoshwa, aliweza kuutambua.

London ya wakati ule ilimpa mwimbaji njia mbili. Ya kwanza ilikuwa ya waimbaji waliofunzwa kwa sauti ya kumbi za tamasha, yenye mitetemo na matamshi ya tabaka la juu, inayomvisha msichana wa kukamua ng'ombe gauni la hariri. Ya pili ilikuwa ya Ewan MacColl, mtu wa tamthilia aliyezaliwa Salford kwa jina la James Miller, aliyetaka kila mwimbaji aimbe nyimbo za lugha yake na za kwao. Kanuni yake ilikuwa na maana, maana vijana wengi wa Kiingereza walikuwa wakijitia Wamarekani. Ila MacColl mwenyewe aliuigiza wimbo. Kila mhusika alipewa sauti yake, kila kilele kikapigwa msumari. Shirley alizikataa zote mbili. Amesema mara nyingi kwamba mwimbaji ni njia ya kupitishia wimbo, na kwamba anapoimba huhisi wale waliouimba kabla yake wamesimama nyuma yake. Basi akaimba kwa lafudhi ya Sussex, sauti imenyooka, bila kuipandisha penye majonzi wala kuishusha penye kifo.

Wapo wasioipenda sauti hiyo. Wanasema ni baridi, ni ya mtoto wa shule aliyesimamishwa mbele ya darasa. Ningewajibu kwa wimbo mmoja, "Poor Murdered Woman", uliomo kwenye albamu ya mwaka 1971 iitwayo *No Roses*. Kisa chake kilitokea. Januari 1834, mbwa wa mawindo waliukuta mwili wa mwanamke katika mbuga ya Leatherhead, jimbo la Surrey, na mfyatua matofali wa pale akakitungia wimbo. Jina la mwanamke halijulikani, muuaji hajulikani, ndugu hawajulikani. Beti zinaeleza tu wawindaji walivyotoka asubuhi, mbwa walivyomfikia, maiti ilivyochukuliwa, watu walivyokusanyika, na alivyozikwa. Mwimbaji akiweka kilio mle ndani, kilio kinakuwa chake yeye; tunaanza kumtazama yeye anavyohuzunika. Shirley anausoma mkasa kama shahidi aliyeitwa kusema alichokiona, na kwa sababu halii, marehemu anabaki katikati ya wimbo peke yake. Nimesikia waimbaji wengine wakiujaribu. Hakuna aliyemwachia yule mama nafasi kubwa kiasi hicho.

Sasa Marekani. Alan Lomax, mkusanyaji mashuhuri wa nyimbo, alikuja Uingereza mwaka 1950, wakati wanaoshukiwa ukomunisti walipokuwa wakisakwa kwao. Shirley alikutana naye katika sherehe kwa MacColl, wakawa wapenzi licha ya kupishana umri kwa miaka 20. Kabla ya safari alikuwa tayari amerekodiwa: mwaka 1958, ndani ya siku mbili, aliimba nyimbo zilizotoa santuri mbili, *Sweet England* na *False True Lovers*. Mwaka 1959 akavuka Atlantiki kumfuata Lomax, na kati ya Julai na Novemba wakazunguka majimbo ya Kusini wakiwa na mashine ya stirio, gharama zikibebwa na kampuni ya rekodi ya Atlantic. Walipita Virginia, Kentucky, Alabama, Mississippi, Arkansas, Georgia. Huko Como, Mississippi, jioni moja ya Septemba, walikuwa wakirekodi majirani alipotokea mkulima mweusi mwenye gitaa, ndiyo kwanza katoka kuchuma pamba. Alikuwa Fred McDowell. Dunia nzima ya muziki wa bluzi inamjua leo kwa sababu ya usiku ule.

Mwaka 1993 Lomax alitoa kitabu cha kumbukumbu zake za Kusini. Katika safari hii ya 1959, Shirley anatajwa kwa kifupi tu, kama mtu aliyekuwepo safarini. Hilo linanikera hadi leo. Msichana wa miaka 24 aliyeandika maelezo ya kila wimbo, aliyesaidia kazi za mashine na mikataba, aliyelala katika nyumba zisizo na umeme na kuingia makanisa ya weusi na ya wazungu katika nchi iliyokuwa bado imewatenga watu kwa sheria, anageuzwa kuwa abiria. Na fikiria walivyokuwa wale waimbaji wanawake: Texas Gladden wa Virginia, Almeda Riddle na Ollie Gilbert wa Arkansas. Hawa walikuwa wakiimba mikasa iliyotoka Uingereza na Uskoti na mababu zao, ikabadilika ladha kwenye milima ya Marekani. Wakaletewa binti wa Kiingereza aliyeijua mikasa ile ile kutoka upande wa pili wa bahari. Ni nani kati ya wageni wale wawili aliyeweza kukaa na bibi jikoni na kubadilishana naye ubeti kwa ubeti? Shirley alingoja hadi mwaka 2004 kuandika upande wake, katika kitabu *America Over the Water*. Nakiona kuwa mojawapo ya vitabu bora kuhusu ukusanyaji wa nyimbo, hasa kwa sababu anawaona waimbaji kama watu wenye nyumba, magonjwa, njaa na ucheshi. Kwa Lomax mara nyingi ni ushahidi wa nadharia.

Aliporudi Uingereza mapenzi na Lomax yalikuwa yamekwisha. Akaolewa na Austin John Marshall, msanifu wa michoro, akazaa naye watoto wawili. Marshall ndiye aliyemkutanisha na mpiga gitaa Davy Graham, mtoto wa Mskoti na mama wa Guyana, aliyekuwa ametembea Morocco na kurudi na namna yake ya kufunga nyuzi. Mwaka 1964 wakatoa *Folk Roots, New Routes*. Wachambuzi huisifia kwa gitaa la Graham, na gitaa lile ni la ajabu kweli, limechanganya jazi, Arabuni na India. Ila lisikilize tena ukimfuata yeye. Graham anazunguka huku na huko, naye Shirley hatikisiki. Wimbo unabaki na umbo lake. Angelegea kidogo tu, albamu ingekuwa ya mpiga gitaa aliyesindikizwa na sauti.

Lakini kazi kubwa kuliko zote aliifanya na dada yake, na hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu Dolly Collins ndiye aliyesahaulika zaidi katika habari hii. Dolly alizaliwa 1933. Alisomea utunzi kwa Alan Bush, mtunzi mkomunisti, na kuna wakati alikuwa akiishi ndani ya basi kuukuu lililoegeshwa shambani, piano yake ikiwa humo humo. Chombo alichokuja kujulikana nacho ni kinanda kidogo cha mabomba, kilichotengenezwa kwa kuiga vya karne ya 17. Waimbaji wa kizazi chao walitegemea gitaa, na gitaa hukata wimbo vipande vipande vya kodi, yaani noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja, kila mstari ukaangukia penye mdundo. Kinanda cha Dolly kina pumzi. Noti moja inashikiliwa muda mrefu, nyingine inasogea chini yake taratibu, na sauti ya mdogo wake inapita katikati bila kusukumwa. Kwenye *The Sweet Primeroses* ya mwaka 1967 utasikia jambo hilo waziwazi: muziki haumwambii msikilizaji ahuzunike wapi.

Miaka miwili baadaye ikaja *Anthems in Eden*, iliyotolewa na Harvest, lebo ya kampuni ya rekodi ya EMI, iliyokuwa pia na kundi la roki la Pink Floyd. Upande mzima wa santuri ni mfululizo mmoja wa nyimbo za jadi zilizounganishwa ziwe kisa: vijana wanakutana, wanapendana, mwanamume anachukuliwa na vita, mwanamke anabaki. Mtaalamu wa ala za kale David Munrow alikuja na wenzake, wakaleta zumari zilizopinda, tarumbeta za karne zilizopita na fidla za kushikiliwa magotini. Dolly aliziandikia zote. Ndugu wawili wa kike wa Hastings, bila cheo chochote katika ulimwengu wa muziki wa kitaaluma, waliunganisha nyimbo za wakulima na ala za mabwana wa kale kabla hilo halijawa mtindo. Kisa kinahusu Vita vya Kwanza vya Dunia, vilivyoua zaidi ya wanajeshi 700,000 wa Uingereza na kuviacha vijiji bila wanaume wa kuimba wala kucheza. Mwisho wake kuna maneno mapya ya Marshall kuhusu wanawake wazee wanaocheza ngoma za Pentekoste kwa niaba ya wanaume ambao hawakurudi.

Kuna lawama moja juu ya albamu hiyo ambayo naikubali. Jina lake lenyewe linaifanya Uingereza ya kabla ya 1914 ionekane kama bustani ya Edeni, na haikuwa. Kibarua wa shamba wa wakati huo alilipwa kidogo, alilala nyumba ya tajiri wake, akifukuzwa kazi alifukuzwa na nyumba. Huo ni udhaifu wa fikra. Ila nyimbo zenyewe zinairekebisha, kwa kuwa zimejaa mabaharia waliokamatwa kwa nguvu na wasichana waliodanganywa, na Shirley hakuwahi kuacha hata moja kwa kuwa ina giza. Mwaka 1970 akina dada walitoa *Love, Death and the Lady*, ambayo ni giza tupu. Wengi wanaiona ngumu kusikiliza. Mimi naiona ndiyo kilele cha miaka yao ya ujana.

Baada ya hapo Shirley aliolewa na Hutchings, mwanzilishi wa makundi ya Fairport Convention na Steeleye Span, na *No Roses* ikarekodiwa na zaidi ya wanamuziki 20. Muongo ule ulimpa mengine mazuri, ya mwisho ikiwa *For As Many as Will* ya 1978, aliyoifanya na Dolly. Kisha ndio yaliyotokea yakatokea. Alifanya kazi za kawaida za kuajiriwa, akalea watoto, akaamini kwamba uimbaji ni jambo lililopita. Dolly alifariki mwaka 1995.

Aliyemshawishi arudi ni David Tibet wa kundi la Current 93, aliyemwomba kwa miaka mingi. Februari 2014, katika kanisa la Union Chapel, London, Shirley mwenye miaka 78 aliimba nyimbo mbili. Mwaka 2016 ikatoka *Lodestar*, albamu ya kwanza katika miaka 38, iliyorekodiwa sebuleni kwake Lewes, kwa sababu hakutaka kuingia studio na sauti ambayo hakuwa na hakika nayo.

Sauti imeshuka sana. Ina mikwaruzo, na mahali pengine pumzi inakatika. Wapo waliosema kwamba sifa zilizomiminika zilitokana na huruma kwa bibi mzee. Jibu liko ndani ya wimbo "Death and the Lady", aliouimba na Dolly mwaka 1970 na kuurudia uzeeni. Mwanamke anatembea, anakutana na mzee aliyevaa udongo. Mzee anajitaja kuwa ni Mauti. Mwanamke anamwahidi dhahabu na mavazi ya thamani amwongezee muda kidogo. Katika rekodi ya kwanza mwimbaji ana miaka ipatayo 35 na anatusimulia habari ya kale. Katika ya pili ana miaka ipatayo 80, mahadhi yako chini, gitaa linakwaruza pembeni, na hajabadilisha kanuni yake hata kidogo: haigizi, hatetemeshi sauti kwa makusudi, hatushiki mkono. Kanuni ile ile aliyoishika akiwa msichana ndiyo inayoubeba wimbo sasa. Mwimbaji aliyetegemea uzuri wa koo angekuwa hana kitu kilichobaki. Yeye alikuwa na kila kitu kilichokuwa muhimu kwake tangu mwanzo: maneno, mwendo wa ubeti, na kumbukumbu ya nani aliuimba kabla yake.

Kumbukumbu hiyo ni ya kazi, wala haihusiani na kujililia ujana. *Lodestar* inafunguliwa na wimbo wa toba uliotungwa baada ya tetemeko la ardhi la mwaka 1580 lililoitikisa London. Ina wimbo aliojifunza kwa Ollie Gilbert kule Arkansas mwaka 1959. Aliubeba miaka 57 kabla ya kuutoa hivi. Katika miaka ambayo hakuimba alikuwa akisoma, akitoa mihadhara na kuandika; mwaka 2008 akawa rais wa English Folk Dance and Song Society, chama chenye makao pale pale Cecil Sharp House alikokwenda kusoma akiwa kijana. Kitabu chake cha pili cha maisha, *All in the Downs*, kilipata tuzo ya Penderyn ya vitabu vya muziki mwaka 2019. Huwezi kuyafanya hayo ukiwa umekaa kimya kwa maana halisi.

Zikafuata *Heart's Ease* mwaka 2020 na *Archangel Hill* mwaka 2023, ya pili ikiwa imepewa jina ambalo baba yake wa kambo aliuita mlima Caburn, ulio karibu na Lewes. Ndani ya *Archangel Hill*, katikati ya nyimbo za mama wa miaka 87, ameweka rekodi moja ya jukwaani ya mwaka 1980 kutoka Sydney, Australia, wimbo uliopangiliwa na Dolly. Kwa masikio yangu hilo ndilo jambo zito kuliko yote kwenye albamu hiyo. Nishani na tuzo zilianza kumfikia Shirley wakati dada yake ameshafariki, na hakuna hata moja iliyokuwa na majina mawili. Hapa alikuwa na uwezo wa kulirekebisha hilo kidogo, akalirekebisha.

Anayetaka kuanza kumsikiliza, ningemwambia aanze na *Anthems in Eden*, asikilize kinanda kabla ya sauti, kisha aruke moja kwa moja hadi *Lodestar*. Habari za ndoa anaweza kuzisoma baadaye, akipata nafasi.